Keki Nyeupe ya Muhogo

Habari ile ilianzia bombani, kwenye foleni ya ndoo, na haikuwa na mwenyewe. Kila aliyeisema aliisikia kwa mwingine. Kwamba wako wavuvi waliochoka kukesha na nyavu, wananunua dawa ya kupulizia pamba, maana siku hizi inauzwa dukani kama chumvi, wanaimwaga ziwani, samaki wanaelea tumbo juu, wao wanazoa tu. Kwamba kuna nyumba wamekufa wote, sufuria bado liko jikoni. Ukiuliza nyumba gani, mmoja atakwambia Kenya, mwingine atakwambia visiwani, wa tatu atainama sikioni mwako akwambie ni hapa hapa Mwanza ila wanaficha.

Leonsia alirudi nyumbani Mkuyuni na ndoo kichwani. Maji aliyatua, habari haikutuka. Alipofunika sufuria aliisikia. Alipomwogesha mtoto aliisikia. Tangu siku hiyo, mwezi wa sita mwaka wa tisini na tisa, samaki hakuingia tena kwenye sufuria lake.

Mumewe, Masele, alicheka. Alikuwa Msukuma wa Bujora, mwenye mabega mapana, aliyefanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kilipopunguza watu, na sasa alikuwa anabeba makreti kwenye kiwanda kimoja cha minofu. Kila Ijumaa alizoea kuja na mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikishaondoka kwenda Ulaya.

"Mke wangu," alisema, "mimi nashinda nimemkumbatia samaki kutwa nzima. Kama ni sumu, basi wewe unalala na maiti."

"Wewe kula huko huko kazini. Mwanangu hali."

"Sasa atakula nini? Maharage kila siku?"

"Maharage hayajaua mtu."

Mwanangu, alisema, kwa sababu alikuwa mmoja. Miaka sita ya ndoa bila mtoto, watu wameshaanza kumtazama tumbo badala ya uso, ndipo akaja Angela. Na Angela mwenyewe alikuwa mtoto wa kushikilia kwa mikono miwili. Tangu alipoachishwa ziwa alikuwa mwembamba, tumbo limejaa kama ngoma, anaharisha wiki, anapona siku mbili, anaharisha tena. Walimpa dawa za minyoo mpaka wakachoka. Mwisho, sista mmoja mzee wa zahanati alimuuliza Leonsia kila kitu anachomlisha, akamwambia: "Acha ngano. Mkate, maandazi, chapati, tambi, vyote acha. Miezi mitatu, halafu uje." Leonsia aliacha. Miezi mitatu haijaisha, mtoto akaanza kujaza mashavu.

Kuanzia hapo Leonsia akawa fundi wa vyakula visivyo na ngano. Vitumbua vya mchele alivijua. Uji wa ulezi alioujua aliuboresha. Keki alijifunza mwenyewe kwa kuharibu: unga wa muhogo, mayai, maziwa, sukari, siagi kidogo, sufuria juu ya jiko la mkaa, na juu ya kifuniko makaa mengine, ili iive chini na juu. Tatizo lilikuwa unga. Wa sokoni ulikuwa wa udaga, muhogo uliovundikwa mpaka ukaota ukungu, ukaparuliwa, ukaanikwa. Keki yake ilitoka ya kijivu na ilikuwa na harufu.

Kwenye siku ya kuzaliwa ya Evelina, binti wa jirani yao Mwalimu Rwehumbiza, watoto walikata keki nyeupe ya dukani. Angela alishika sahani yake ya karanga. Mtoto mmoja akasema, "Angela kwao anakula keki ya udaga, inanuka soksi." Wakacheka wote. Angela naye alicheka ili asiwe peke yake. Njiani akamuuliza mama yake:

"Mama, yangu haiwezi kuwa nyeupe?"

"Itakuwa nyeupe."

"Kama ya Evelina?"

"Kuliko ya Evelina."

Ahadi kwa mtoto ni kitu kidogo ukiwa unaitoa.

Angela alikuwa anatimiza miaka saba siku ya Nane Nane, na mwaka ule Nane Nane ilikuwa Jumapili. Masele alipanga waende wachome nyama na samaki kule kwenye majabali ya ziwani, kama watu wengi wa Mkuyuni wanavyofanya kiangazi. Leonsia alikubali nyama; samaki, alisema, mwanawe hali.

Wiki mbili kabla, Luhaga, mdogo wake Masele, alifika kutoka Bujora na gunia la muhogo mbichi nyuma ya baiskeli.

"Shikamoo shemeji. Mama kakuletea. Kasema huu ni ule mchungu, hata ngedere akiung'oa anauacha. Usiupike hivi hivi, uuvundike kwanza."

"Marahaba. Ndiyo mambo yenu hayo ya kuvundika. Kila kitu lazima kinuke."

"Mimi nimetumwa tu, shemeji. Kuna chai?"

Leonsia alikuwa Mhaya wa Muleba. Kwao alikulia kwenye migomba, ndizi asubuhi, ndizi mchana, na muhogo aliouona utotoni ulikuwa ule mtamu wa kutafuna mbichi shambani. Kwake yeye kuvundika kulikuwa mapenzi ya ladha tu, kama watu wanaosubiri maziwa yagande wakati mabichi yapo. Alipolitazama lile gunia aliona unga mweupe. Akamenya muhogo, akakata vipande vyembamba, akavianika juu ya turubai mbele ya nyumba siku ile ile. Jua lilikuwa kali. Siku ya tatu vipande vilikuwa vinavunjika kama chaki.

Jirani yao wa upande wa pili wa njia aliitwa Paskazia, Mkerewe, mjane mwenye meza ya samaki wa kukaanga. Zamani Leonsia alikuwa akisimama pale kila jioni, hata kama hanunui, kwa ajili ya maneno. Tangu habari ya bombani alikuwa anapita ameangalia mbele.

"Mama Angela," Paskazia alimwita siku ile ya tatu, "siku ya ngapi hii unanipita kama nguzo ya umeme?"

"Nina haraka."

"Haraka ya miezi miwili. Samaki huyu namla mimi, wanangu wanne wanamla. Mngekuwa mmeshatuzika."

"Sijasema kitu."

"Hujasema, lakini ukifika hapa unaziba pumzi." Paskazia akafuta mikono kwenye kanga, akavuka njia, akaokota kipande kimoja kwenye turubai, akakinusa. "Huu muhogo wa wapi? Mbona haujavundikwa? Kama ni ule mchungu..."

"Mama Wankyo," Leonsia alisema, maana ndivyo walivyomwita, "wewe angalia samaki wako. Kwangu hakuna mtu anayelalamika."

Paskazia alikirudisha kipande pale alipokitoa. Akaenda kukaa.

Neno hilo Leonsia alilisema kwa sauti ya kawaida, hata hakukunja uso. Hata wapita njia hawakugeuka.

Jumamosi alitwanga, akachekecha mara tatu. Unga ulikuwa mweupe, laini, hauna harufu. Alipoonja mchanganyiko aliona uchungu kidogo nyuma ya ulimi, akaongeza sukari, akaonja tena, uchungu ukajificha. Masele aliposhika ule unga alisema, "Hata wa dukani haujafika hapa." Keki ilitoka nyeupe ndani, juu imebabuka kidogo tu. Angela aliizunguka kama anamzunguka ng'ombe mgeni.

Jumapili saa nne walikuwa wameshafika kwenye majabali. Luhaga alipanga mawe matatu, akalaza waya, Masele akawasha mkaa. Sato walikuwa wa Paskazia, Masele amewanunua mwenyewe bila kuuliza. Wakapasuliwa mbavuni, chumvi, limau, pilipili. Pembeni mbavu za mbuzi na ndizi za kuchoma na maganda yake. Mwalimu Rwehumbiza alikuja na mkewe na Evelina, na watoto wengine watatu wa mtaani. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeleka moshi kwa Luhaga, akihama unamfuata, watoto wanamcheka.

"Shemeji, samaki huyu," Luhaga alisema, ananyanyua mmoja kwa mkia, "macho yake yanaonekana ya mtu mwema."

"Nimeshasema."

"Mwache," Masele alisema. "Atabakiwa na nyama yote."

Watu wazima walikula samaki mpaka miiba. Mbuzi alikuwa mgumu, akarudishwa motoni. Angela hakuwa amekula tangu asubuhi, alikuwa anaiwekea keki nafasi. Lakini harufu ya sato ilimshinda, akaja kwa mama yake.

"Mama, kidogo tu. Mkia."

"Hapana."

"Baba anakula."

"Baba ni mtu mzima. Wewe una keki yako, au huitaki tena?"

Akaitaka. Wakaimba, wakamkatia. Evelina akala kipande kimoja, akasema ni tamu, na Leonsia aliyaona mabega ya mwanawe yakipanda kwa kiburi. Watoto wengine wakaonja onja, walikuwa wameshiba samaki. Watu wazima wakaiacha keki iwe ya watoto. Angela alikula vipande vitatu vikubwa, akaramba na kisu.

Haikupita saa moja, akaja kulala mapajani kwa mama yake.

"Mama, kichwa kinazunguka."

"Ni jua. Lala."

Halafu akatapika. Halafu Evelina naye akatapika, kule kwa mama yake. Angela akaanza kuvuta pumzi haraka haraka kama mtu aliyekimbizwa, mikono ikakakamaa.

Leonsia alisimama. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa: "Nani kampa samaki?"

"Hakuna aliyempa," Masele alisema.

"Luhaga, umempa samaki?"

"Shemeji, naapa."

Hakuwaamini. Alipiga magoti, akafungua kiganja cha mtoto, kidole kimoja kimoja, akakinusa, akamtazama kwenye meno akitafuta mwiba. Akaagiza maziwa, kwa sababu watu walisema maziwa yanavunja sumu ya samaki, na Luhaga akakimbia kuyatafuta, na wakamsubiri Luhaga. Walipompa maziwa hayakushuka. Ndipo Masele akambeba, wakapanda barabarani, wakasimamisha gari la mizigo.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, Mjita. Walimwingiza Angela ndani, wakamwekea chupa ya maji, wakamwekea na mpira wa hewa. Masele aliambiwa akatafute dawa fulani madukani mjini, akatoka anakimbia. Daktari akabaki na Leonsia.

"Mama, niambie alichokula."

"Samaki. Sijui. Kuna mtu kampa samaki."

"Waliokula samaki wanaumwa?"

Leonsia alifikiri. Masele alikuwa anakimbia mjini. Luhaga alikuwa nje, mzima. "Hawaumwi."

"Wewe ulimwona anakula nini? Ulichokiona kwa macho."

"Keki. Nimemtengenezea mwenyewe, haina ngano. Ya muhogo."

Daktari aliweka kalamu chini. "Muhogo mchungu?"

"Waliniambia ni mchungu."

"Uliuvundika?"

"Niliuanika tu."

"Mama, ule uchungu ndiyo sumu yenyewe. Kuvundika na kuparua ndiko kunakoitoa. Jua peke yake halitoshi. Sukari haiiondoi, inaificha tu." Alikuwa anasema pole pole, hana ukali. "Na mtoto mwembamba, tumbo tupu. Angekuwa ameshiba samaki kama wenzake, huenda mwili ungepata nguvu ya kupambana. Sijui. Huenda."

Angela alifariki saa kumi na moja na dakika kumi jioni, jua likiwa bado dirishani. Masele alirudi na dawa kwenye mfuko wa karatasi, akasimama mlangoni.

Evelina alipona kesho yake, nyumbani kwao.

Nyumbani, hata kabla maiti haijafika, mtaa ulikuwa umeshajua. Ni samaki. Walikula samaki wa Paskazia, watoto wawili wakatapika, mmoja amekufa. Ile habari isiyo na mwenyewe sasa ikapata jina, njia na meza. Mwalimu Rwehumbiza, ambaye mwanawe alinusurika, alisema kwenye turubai la wanaume kwamba serikali itachelewa kama kawaida yake, wananchi wenyewe wamjue mwenye sumu. Walimzika Angela Jumatatu. Jumanne asubuhi vijana waliipindua meza ya Paskazia, wakamwagia samaki wake mafuta ya taa.

Paskazia alikuja msibani hivyo hivyo. Alikuja na mzigo wa kuni kichwani, kama jirani. Alipokaa kwenye mkeka wanawake walisogea, si sana, kiasi cha mtu mmoja kupita. Aliposhika kisu kumenya ndizi, mmoja akakichukua taratibu mkononi mwake, akasema, "Pumzika, mama." Akapumzika. Akakaa na mikono mapajani.

Leonsia aliyaona hayo akiwa ameegemea ukuta. Siku tatu alikuwa hajasema neno. Watu walidhani ni majonzi, na yalikuwa majonzi, lakini chini yake palikuwa na hesabu nyingine. Akikaa kimya, atakuwa mama aliyefiwa. Akisema, atakuwa mama aliyeua, na mtoto ni mmoja, na Masele yuko nje pale. Na akikaa kimya, jirani atahama, watu wataacha samaki, na kule mitaani kuna wanawake kumi kama yeye wenye gunia la muhogo na haraka.

"Angela hakula samaki," alisema.

Mama mkwe wake, Suzana, aliyekuwa karibu naye, alimshika goti. "Tulia, ng'wanawane, mwanangu."

"Nimetulia, mama. Alimtaka, nikamnyima. Alikula keki niliyoipika mimi. Muhogo ule mchungu sikuuvundika, nilitaka uwe mweupe. Daktari aliniambia siku ile ile." Alimtazama Paskazia. "Na huyu aliniambia, juu ya turubai pale nje. Nikamwambia aangalie samaki wake."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni, akaacha.

"Nilimwagiza Luhaga," Suzana alisema. "Nilimwambia akwambie."

"Aliniambia. Mimi sikuuliza kwa nini."

Paskazia alivuta kanga yake, akafunika uso, akalia kwa mara ya kwanza tangu aje.

Mwalimu Rwehumbiza alituma mtu kuinua meza. Mwenyewe hakwenda.

Masele alikaa siku nne bila kuzungumza na mkewe. Wageni walipokwisha ondoka, alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akatazama mkaa.

"Kwa hiyo heri angekula ule mkia," alisema.

"Heri angekula."

"Na ule unga nilisema ni mzuri."

"Ulisema."

Alikaa mpaka makaa yakafanya majivu. Hakumfukuza, wala hakumpa mkono. Watu walioujua ukoo wao walisema hiyo ilikuwa huruma nyingi.

Wiki iliyofuata Leonsia alikwenda kwenye mashine ya kusaga, ambako wanawake wote wa Mkuyuni hupeleka mahindi na muhogo wao. Alikuwa na karatasi mbili za daftari zenye maneno yale yale, ameandika kwa mkono wake wa darasa la saba, herufi kubwa. Mwenye mashine, mzee Chenge, alisoma moja akiwa na unga kwenye nyusi.

"Shikamoo mzee. Naomba uzibandike hapa."

"Marahaba. Nikiulizwa nani kaandika?"

"Waambie mama yake Angela."

"Watakusema, binti yangu."

"Wanasema tayari."

Chenge akachemsha gundi ya unga, akabandika moja mlangoni na nyingine juu ya mizani. Ziliandikwa hivi:

KINA MAMA, EPUKENI HAYA

Usipike muhogo mchungu kabla ya kuuvundika, kuuparua na kuuanika mpaka ukauke kabisa.

Usipunguze siku za kuvundika kwa sababu ya harufu au rangi.

Usianike muhogo mchungu moja kwa moja juani ukadhani umemaliza.

Usitie sukari kuficha uchungu. Ukisikia uchungu, mwaga.

Usinunue unga wa muhogo kwa mtu asiyekuambia aliutengenezaje.

Usimpe mtoto muhogo mtupu bila kitoweo, wala tumbo likiwa tupu.

Mtoto wako akikatazwa ngano, usimpe unga mwingine usioujua bila kuuliza.

Usiache chakula kwa habari ya bombani tu. Muulize daktari au bwana samaki wa serikali.

Mtoto akitapika na kuhema haraka, usisubiri maziwa. Mpeleke hospitali, na useme kila alichokula.

Usimkatize jirani anapokuonya.